Unga wa mstafeli na kemo, mama anywe vyote?

SWALI: Mama ana saratani ya titi, kashachoma kemo mbili. Shangazi kamletea unga wa majani ya mstafeli, muuzaji anasema unaua seli za kansa mara 10,000 kuliko kemo na hauna madhara kwa vile ni wa asili. Anywe vyote au aachane na kemo?

JIBU: Kemo asiache, na unga auweke pembeni mpaka daktari wake auone. Kwa mama jibu ndo hilo. Ila hiyo 10,000 naletewa karibu kila wiki mpaka nimechoka nayo, ngoja niiseme.

Namba yenyewe haijazuliwa. Miaka ya 1990 kuna kemikali moja ilichujwa kwenye mbegu za mstafeli, mbegu jamani siyo majani, wakaimwagia seli za saratani ya utumbo mpana kwenye kisahani cha maabara, wakailinganisha na adriamycin, dawa mojawapo ya kemo. Basi. Hapo hakuna mgonjwa, hakuna ini wala figo, na titi halimo kabisa. Hata jiki ukiimwaga kwenye kile kisahani seli zinakufa, mbona hatumnyweshi mtu jiki?

Halafu hili la "ni asili haina madhara" ndo linanipandisha presha. Mimi natengeneza dripu za kemo, navaa glavu mbili mbili, na baadhi ya hizo dawa zimetoka kwenye mimea! Vincristine imetokana na ua la Madagascar watu wanalipanda kama pambo, ikichomwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo inaua. Paclitaxel, ambayo wagonjwa wengi wa titi wanaipata, ilianzia kwenye gome la mti lililokusanywa 1962 na Marekani wakairuhusu 1992. Miaka 30 yote hiyo walikuwa wanatafuta dozi, wanahangaika na dawa isiyoyeyuka kwenye maji, wanaangalia nani inamdhuru. Leo tunapima urefu na uzito wa mgonjwa, tunaangalia damu, tunampa kwanza dawa za kuzuia aleji, ndo dripu inaanza. Kwa hiyo ukiniambia hospitali wanaificha mimea nakushangaa, mmea si ndo huo unaning'inia kwenye stendi.

Sasa soma pakiti ya shangazi: "kijiko kimoja asubuhi na jioni". Kijiko gani, cha chai au cha kupakulia? Kemikali kiasi gani ndani? Hata muuzaji hajui. Na mstafeli ukitumiwa sana kwa muda mrefu umehusishwa na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson (ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa), kisiwani Guadeloupe huko Karibi wameliona hilo.

Na kuchanganya nako kuna balaa lake, maana dawa nyingi za kemo zinavunjwavunjwa na ini na mimea inaweza kuingilia hapohapo. Mfano St John's wort, mmea ambao watu wanaunywa kwa ajili ya msongo wa mawazo, unashusha kwenye damu kile ambacho irinotecan, dawa ya kemo, inageuzwa mwilini ili ifanye kazi, yaani unachomwa dozi kamili halafu mwilini inafanya kazi nusunusu na wewe hujui.

Wanaoniuma zaidi ni wale walioacha kemo kabisa. Anakuja baada ya miezi minane, uvimbe uliokuwa kama punje ya karanga umeshapasua ngozi, na begini bado ana pakiti tatu hajazifungua, muuzaji alimwambia amalize dozi kwanza.

Mama akienda kemo ya tatu abebe hiyo pakiti, amwambie daktari kaanza kunywa lini.