Sikio Likauke Kwanza, Vifupa Baadaye

Mama mmoja wa Masasi ameniuliza: mwanawe wa miaka 7 anatokwa usaha sikioni tangu mdogo, sasa ameambiwa kifupa kimelika. Auze korosho wakafanye operesheni mwezi huu huu?

Mama, nauli isubiri. Anza na usaha.

Vifupa vya ndani ya sikio vinavyopitisha sauti ni vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kinacholika zaidi ni ncha ndefu ya fuawe, maana damu inayoifikia ni kidogo. Ikikatika, sauti haifiki kwenye kikuku, na usikivu unaweza kupungua hadi desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtoto huitwa mkaidi, kumbe hasikii.

Pengo likiwa dogo, daktari huliziba kwa simenti ya mifupa. Likiwa kubwa, huichonga fuawe ya mtoto mwenyewe na kuiweka juu ya kikuku, au hutumia kipandikizi cha titani, aina ya chuma. Hapo ulizia gegedu, yaani mfupa laini: kipande chake chembamba hukaa kati ya titani na ngoma ya sikio. Bila hicho, titani inaweza kuitoboa ngoma ikatoka nje. Hofu kwamba mtoto atakua kipandikizi kisimtoshe haina msingi. Vifupa hivi huzaliwa vikiwa na ukubwa wa mtu mzima.

Ila kwenye sikio bichi, linalotoka usaha, kazi yote hiyo hubomoka. Kama kuna kolesteatoma, yaani ngozi iliyoota ndani na kula mfupa, huondolewa kwanza. Mara nyingi sikio hufunguliwa tena baada ya miezi 6 hadi 12 kuhakikisha haijarudi, ndipo vifupa hutengenezwa. Daktari anayekwambia usubiri anamlinda mwanao.

Nyumbani, sokota kitambaa safi kinachonyonya kiwe utambi, ingiza, kikilowa badilisha, hadi sikio likauke. Angalau mara 3 kwa siku, kisha weka matone uliyoandikiwa. Wazazi wenzangu wa Kusini, tuache kumimina mafuta, maji ya majani na maziwa ya mama. Tunawaumiza watoto.

Baada ya operesheni, asipige mbizi baharini Mikindani mpaka daktari aruhusu, asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo. Kipimo cha usikivu kifanyike kabla na miezi michache baadaye. Tunza karatasi zote mbili. Akipata kizunguzungu kikali au uso ukienda upande, mrudishe siku hiyo hiyo.