Jina Samweli Lina Maana Gani?

SWALI: Tumejaliwa mtoto wa kiume, na mama mkwe wangu anataka aitwe Samweli, akisema maana yake ni "aliyeombwa kwa Mungu". Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hongereni sana. Mama mkwe wako ana msingi mzuri, kwani katika 1 Samweli 1:20 Hana, aliyekuwa amekaa miaka mingi bila mtoto, anasema alimpa mwanawe jina hilo kwa kuwa alimwomba kwa Bwana. Hata hivyo, maneno ya Hana yanaeleza zaidi kisa cha kuzaliwa kuliko asili ya jina. Kwa Kiebrania jina ni Shemuel, ambalo wataalamu wengi hulichambua kuwa shem, yaani jina, na El, yaani Mungu. Basi hufasiriwa "jina la Mungu" au "jina lake ni Mungu". Shem ni ndugu wa neno la Kiarabu ism, ambalo limo ndani ya Bismillahi.

Kitenzi cha kuomba ni shaal, nacho ndicho kilichozaa jina la Sauli, yule mfalme ambaye Samweli mwenyewe alimpaka mafuta. Wapo wanaolihusisha Samweli na shama, kusikia, lakini mimi sishawishiki, kwa sababu herufi ayini, iliyomo katika shama na katika jina Ishmaeli, "Mungu husikia", haimo katika Shemuel.