Maswali na Majibu: Saa ya Mwili, Sukari na Misuli

*Nina kisukari. Ugali uleule, kwa kiasi kilekile, hupandisha sukari zaidi usiku kuliko mchana. Je, mashine yangu ya kupimia sukari ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)*

Huenda mashine ni nzima. Kongosho, ini na misuli vina saa zake, yaani mifumo ya ndani inayopanga kazi za mwili kwa mzunguko wa mchana na usiku, nazo huongozwa na saa kuu iliyo ubongoni, ambayo ni kundi dogo la seli za neva zipatazo 20,000 linalopokea habari za mwanga kutoka machoni. Giza linapoingia, homoni ya melatonini hupanda na kupunguza utoaji wa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo ugali wa saa nne usiku hukuta mwili usio tayari kuupokea. Nimelisema hili mara nyingi, nami sitachoka: desturi ya mijini ya kumngoja baba atoke kwenye foleni ndipo watu wale inatuumiza, na watoto wanairithi. Kuleni saa moja, naye awekewe chakula chepesi. Usibadili kipimo cha dawa bila kumwona daktari.

*Ni dawa gani ya mitishamba inayorekebisha saa ya mwili? (Wasomaji kadhaa)*

Hakuna. Tafadhali someni majibu yaliyotangulia kabla ya kuuliza tena.

*Mimi ni mlinzi wa usiku kwa miaka tisa. Mchana ninalala vya kutosha, mbona nina kitambi na presha? (Msomaji, Mombasa)*

Pole, ndugu yangu. Kulala mchana hakugeuzi saa zote za mwili, kwa kuwa jua linalokupiga ukirudi nyumbani huiambia saa kuu kwamba siku imeanza, ilhali wali ulioula saa nane usiku umeliambia ini jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, watu 10 walivurugiwa ratiba ya kula na kulala kwa siku chache tu, na sukari pamoja na shinikizo la damu vikapanda. Kula mlo mkubwa kabla ya zamu, kisha baada ya saa sita usiku tosheka na maji. Mwajiri asiyewapima walinzi wake presha na sukari kila mwaka anawadhulumu.

*Mazoezi ni bora asubuhi au jioni?*

Misuli ya watu wengi huwa na nguvu zaidi alasiri, lakini fanya wakati utakaoweza kuudumisha.

*Mama yangu, mwenye miaka 74, husinzia saa moja usiku na kuamka saa tisa, na mapaja yamekonda. Je, ni uzee tu?*

Uzee upo, lakini si peke yake. Lenzi ya jicho la mzee hugeuka manjano na kuzuia sehemu ya mwanga unaoiweka sawa saa kuu. Panya walioondolewa jeni ya saa iitwayo BMAL1 walizeeka mapema na misuli yao ikasinyaa, jambo linaloonyesha kwamba saa hiyo haihusu usingizi pekee. Kumfungia mama chumbani kutwa ili apumzike ni kosa. Akae barazani alasiri apate mwanga, ainuke kitini mara kumi bila kushikwa, na kifungua kinywa chake kiwe na yai au maharage badala ya chai na mkate mtupu. Iwapo amekonda ndani ya miezi michache, mpelekeni hospitali juma hili.