Uvimbe wa mafuta kwenye utumbo: je, lazima nipasuliwe?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa miaka 58, mkazi wa Buruburu, Nairobi. Nimekuwa nikiumwa na tumbo upande wa kulia, na mara kadhaa nimeona damu kwenye choo. Uchunguzi wa kamera ulionyesha uvimbe wa mafuta wa sentimita 3 mwanzoni mwa utumbo mpana, usioonekana mahali pengine popote. Ndugu zangu wananihimiza nipasuliwe kabla haujageuka saratani. Je, hauwezi kutolewa kwa kamera hiyohiyo?

JIBU: Mama, kwanza uondoe hofu ya saratani. Uvimbe huu, ambao madaktari huuita lipoma, ni mafuta yaliyojikusanya chini ya utando wa ndani wa utumbo, na hauna tabia ya kugeuka saratani. Ulio mdogo usiosumbua huachwa ulivyo. Wako unastahili kutolewa kwa sababu umezidi sentimita 2 na unakuletea maumivu na damu.

Kwa kamera inawezekana, ila njia ndiyo ya kuchagua kwa makini. Kwa kawaida kiotea cha utumboni, yaani kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani, hukatwa kwa kitanzi cha waya unaopitishwa umeme. Mafuta hayapitishi umeme vizuri, hivyo daktari hulazimika kuuwasha kwa muda mrefu zaidi, na joto likipenya ukuta wa utumbo, ambao upande wa kulia ni mwembamba, utumbo unaweza kutoboka. Ndiyo maana kwa uvimbe mkubwa wenye shina wengi wetu tunapendelea kukaza kitanzi cha nailoni shinani bila kukata: damu haifiki tena, uvimbe unakufa taratibu, kisha unadondoka na kutoka pamoja na choo. Usio na shina huhitaji kuchunwa kwa kisu kidogo kinachopitia kwenye kamera, kazi ya mkono uliozoea.

Kwa kuwa uvimbe uliofungwa haufiki maabara, ni lazima ithibitishwe mapema kwamba ni mafuta kweli. Muulize daktari wako: je, ulikuwa wa manjano, na ulipobonyezwa kwa koleo ulibonyea kama mto kisha ukarudi? Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, nayo huyaonyesha mafuta waziwazi. Pakiwa na shaka, au utumbo ukiwa umeziba au umejiingiza ndani yake wenyewe, upasuaji ndio salama, nami nisingekuzuia.

Mweleze pia kama unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Na baada ya tiba, ukipata maumivu makali, homa au damu nyingi, nenda hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.