Pado shifta kwenye gari auto: ukikaa Kigoma jifunze kwanza ile ya kushoto

Mwakeye ndugu zangu. Wiki hii mdogo wangu kanunua gari, auto, namba E, ina zile pado shifta nyuma ya usukani, yani viwiko viwili vya kubadilishia gia kwa vidole, akanipigia simu kafurahi sana anasema kaka hii kitu ukivuta tu gari inachomoka. Nikamuuliza unavuta ipi, akasema ya kulia, yenye alama ya jumlisha. Nikamwambia Jumamosi usipandishe Manyovu kabla hujaja nikuelekeze ya kushoto. Nikaona bora niandike kabisa maana naona gari za hivi zimekuwa nyingi sana hapa mjini, Mwanga, Gungu, Ujiji, kila kona, na wenye nazo wengi hawajawahi kuambiwa zile pado ni za nini.

Kwanza hiyo ya kuchomoka. Jumlisha haiongezi nguvu, jumlisha inapandisha gia, yani unaipa gari gia nyepesi, injini inatulia na gari inapunguza kuvuta. Inayokupa nguvu ni kutoa, ya kushoto, maana inashusha gia kwenda kwenye nzito. Mdogo wangu alikuwa anakanyaga mafuta mpaka mwisho huku anavuta jumlisha akadhani ni jumlisha ndo imemtoa, kumbe ni mguu wake. Hamna klachi pale, huhitaji kuachia mafuta, unavuta na kidole mara moja na kompyuta ya giaboksi inafanya yaliyobaki. Zilianzia kwenye mbio za Formula 1, Ferrari walikuja nazo mwaka 1989 na Nigel Mansell akashinda mbio ya kwanza tu ya msimu kule Brazil na gari yenye pado hizo, baadae sana ndo zikaingia kwenye magari ya kawaida mpaka zikatufikia sisi tunaoagiza yaliyotumika kutoka Japani. Kwahiyo watu wanazichukulia kama kitu cha mashindano. Na mimi gari yangu, Subaru Legacy, nilikaa nayo miaka miwili nikizichukulia hivohivo, navuta barabara ya Lumumba jioni nisikie injini inavyonguruma, basi imeishia hapo.

Kilichonibadilisha ni mteremko wa kutoka Kalinzi.

Mnaoijua ile barabara mnaielewa. Kutoka Mwandiga mpaka Manyovu ni kilomita kama 60, lami nzuri, lakini unaanza chini karibu na ziwa kwenye joto lako unapanda mpaka kwenye migomba na kahawa, kule unatafuta sweta mchana. Kupanda hamna shida, auto inapanda. Shida ni kurudi. Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka kwa wakwe, nimebeba mama mkwe anakuja hospitali mjini, mke wangu na mtoto nyuma, kwenye buti kuna gunia mbili za maharage na mikungu ya ndizi, gari imekaa chini kabisa. Naendesha na D, ile ambayo gari inajichagulia gia yenyewe, kama siku zote.

Sasa D kwenye mteremko mrefu ukitoa mguu kwenye mafuta giaboksi nyingi zinaona dereva anataka kutulia, zinapandisha kwenye gia nyepesi, gari inajiachia yenyewe. Kwahiyo unabaki na breki peke yake. Mimi mguu ulikuwa juu ya breki dakika nzima, nagusa, nashikilia, kona, nashikilia tena. Harufu ikaanza, kama waya unaungua. Mama mkwe akasema, "Baba Neema, mbona kuna kitu kinaungua?" Nikamjibu ni ya lori lililo mbele mama. Mbele hapakuwa na lori. Kona iliyofuata nikakanyaga pedali ikashuka laini, ikashuka, ikaenda karibu na sakafu na gari ikapunguza kidogo tu. Huo mguu unaokanyaga na hausikii kitu chini yake, sitausahau. Nikapampu haraka haraka ikarudi kidogo, na kwa neema ya Mungu mbele kulikuwa na kipande barabara inainuka, nikavuta na hendibreki nikaingia pembeni. Magurudumu ya mbele yanatoa moshi mweupe.

Nyuma yangu kulikuwa na fuso ya mkaa, mzee akasimama akashuka. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba huku kainama anaangalia rimu, mimi nimeshika dumu la maji nataka kumwagia. Akanishika mkono. "Acha kijana, utapinda diski. Iache ipoe yenyewe." Halafu akauliza nilikuwa nashuka na namba ngapi. Nikamwambia mzee hii ni auto. Akaniangalia. "Kwani auto haina gia?"

Akafungua mlango akachungulia, akaona ile M kwenye gia liva, ya kuchagua gia mwenyewe, akaona pado. Yeye gari yake ya kukanyaga klachi lakini alizijua. Akaniambia kitu ambacho madereva wa zamani wote wanakijua, gia unayopandia mlima ndo hiyohiyo unashukia. Tulikaa pale karibu saa nzima zipoe, na tuliposhuka yeye alitangulia na mimi nyuma yake nimeweka M namba mbili, mpaka Mwandiga breki nimegusa mara chache tu.

Nieleze kilichotokea maana ni muhimu. Breki inafanya kazi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Ukiishikilia muda mrefu joto halipati nafasi ya kutoka, pedi zinachemka na joto linaingia mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani taratibu. Yapo ya aina mbalimbali, DOT 3 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205 za Selsiasi, ikishakunywa unyevu kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke kwenye mipira na mabomba, na mvuke unabinyika, ndo maana pedali inakuwa laini. Mimi mafuta ya breki sikuwahi kubadilisha toka nainunua gari. Badilisheni kila miaka miwili, ni hela ndogo sana.

Sasa namna ya kushuka. Fanya kabla mteremko haujaanza, hili ndo la kwanza na ndo watu wanakosea. Ukiwa bado juu, kanyaga breki vizuri ufike 50 hivi, weka liva M, halafu vuta ya kushoto mara moja, sikilizia, vuta tena. Kwenye dashibodi itaandika namba ya gia. Gari yangu kwenye Kalinzi ikiwa nyepesi namba tatu inatosha, ikiwa na mzigo ni namba mbili na mwendo unashuka mpaka 40. Kipimo chako ni hiki, toa miguu yote miwili, kama gari inaendelea kuongeza mwendo vuta moja tena, kama inakaa palepale au inaongeza taratibu sana umepata gia yako. Mshale wa mizunguko utapanda 3,000 mpaka 3,500 na injini itapiga kelele, abiria watakuambia unaua gari. Hauui. Gari nyingi za petroli mstari mwekundu unaanzia karibu na 6,000, kwahiyo upo mbali. Breki unaitumia kwa kukanyaga kweli, toka 50 mpaka 40, halafu unaachia kabisa ipumue, usiiwekee mguu juu kama mtu anayeegemea ukuta.

Kwanini nasema mapema, kwasababu ukisubiri mpaka upo 90 katikati ya mteremko ndo uanze kuvuta, kompyuta itakataa. Italia tu pii pii na gia haishuki, kwasababu ingeshusha injini ingezunguka kupita kiasi. Kinga hiyo ni nzuri ila siku unayoihitaji gia ndo siku itakayokunyima. Kitu kingine, gari nyingi zinaruhusu kuvuta pado ukiwa bado D, ila hapo ni ya muda, baada ya sekunde kadhaa ikiona mwendo umetulia inarudi D yenyewe na kupandisha gia. Kwa kuovateki sawa. Kwa mteremko hapana, weka M.

Na hili la taa sijawahi kusikia mtu analisema huku kwetu. Ukipunguza mwendo kwa gia taa za breki haziwaki. Wa nyuma yako haoni chochote, anaona tu gari inamjia usoni. Barabara ya Manyovu ina bodaboda wamebeba mikungu mitatu ya ndizi na breki zao mnazijua. Kwahiyo ukivuta ya kushoto gusa pedali kidogo taa ziwake, hasa usiku na kwenye kona.

Halafu kuna ndugu zangu wanaoshuka na nyutro eti wanabana mafuta. Hili linaniuma kwasababu linaua watu na hata hayo mafuta hayabanwi. Gari ya injeksheni ukiwa kwenye gia unateremka na hujakanyaga mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwahiyo inakunywa kama imesimama inaunguruma. Yani nyutro inakula zaidi na inakunyima breki ya injini. Wengine wanazima na swichi kabisa, hapo usukani unakuwa mgumu na breki ukikanyaga mara mbili tatu msaada wake umeisha. Tafadhali msifanye.

Tambarare ni hadithi nyingine. Nikienda Tabora nikishapita Kaliua kuelekea Urambo barabara imenyooka, miombo kulia na kushoto, pado sizigusi labda kwenye kuovateki malori. Hapo navuta ya kushoto mara mbili nikiwa bado nyuma ya lori, kabla sijatoka, gari inakuwa tayari imeshika nguvu, halafu nikiona mbele kweupe nakanyaga. Ukitegemea kukanyaga mafuta mpaka chini ndo giaboksi itafute gia, unapoteza sekunde moja mpaka mbili ukiwa tayari upo upande wa wenzio. Ukishapita rudisha D.

Mvua ikiwa inanyesha uwe mpole nazo. Usivute mbili kwa mpigo katikati ya kona, magurudumu yanayovutwa na injini yanaweza kuteleza ghafla kama umekanyaga breki kwa nguvu. Vuta kabla ya kona, moja moja. Na mjini usizichezee. Gari za CVT kama yangu hazina gia za meno za namba moja, mbili, tatu, ni mkanda au cheni kati ya puli mbili, zile namba sita au saba ni hatua zilizopangwa na kompyuta, na ukiishikilia kwenye mizunguko mikubwa muda mrefu bila sababu unaichemsha oili yake. Oili ya CVT nayo ni yake, sio ATF, ile oili ya giaboksi za auto za kawaida. Fundi akikuambia zote ni sawa chukua funguo yako uondoke.

Ukinunua gari yenye pado zijaribu kabla hujalipa, weka M, vuta ya kushoto na ya kulia uone namba zinabadilika. Kama pado hazifanyi kazi, honi nayo kimya, na taa ya eabegi inawaka, mara nyingi ni ule waya mwembamba uliojiviringa ndani ya usukani umekatika. Hapo usimruhusu mtu afungue usukani bila kutoa kwanza waya wa betri na kusubiri kidogo, eabegi ikilipuka mtu akiwa ameinamia inaumiza vibaya.

Mdogo wangu alikuja Ijumaa jioni tukaenda kujaribu kwenye kilima kifupi cha hapa mjini. Mara ya kwanza injini ilivyolia akarudisha D haraka, kaogopa. Mara ya tatu akawa anatoa mguu mwenyewe anaangalia mshale. Jumamosi tukapanda wote na gari yake tukamchukue mama mkwe, ana kliniki tena mwezi huu. Siku ile ya moshi alishika kile cha kushikia juu ya mlango mpaka tunafika mjini na hakusema neno tena. Safari hii tulivyofika juu Kalinzi mdogo wangu akapunguza, akaweka M, akavuta mara mbili. Mama akaangalia nje kidogo, akajifunga kanga vizuri akaegemea kiti. Pale Mwandiga watoto wanaouza maembe walivyogonga kioo ndo akaamka, akauliza, "Baba Neema, hatujaanza tu kushuka?"