Soma Orodha Kabla ya Kukubali: Ushauri kwa Wanaoanza Kutumia apt

Anayeanza kusimamia kompyuta za Debian au Ubuntu, ambayo ni mifumo endeshi ya Linux, hujifunza upesi kwamba amri ya apt install huleta programu, na wengi huishia hapo kwa kuwa programu imekuja na inafanya kazi. Ushauri wangu ni kwamba usiizoee amri hiyo hata ukaacha kusoma majibu yake. Kila inapohitaji kufanya zaidi ya ulichoomba, apt huorodhesha vifurushi (yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) vitakavyoongezwa, vitakavyopandishwa toleo na vitakavyoondolewa, kisha husubiri ukubali. Orodha ya vitakavyoondolewa ndiyo ya kusoma jina kwa jina. Ikiwa umeomba kifurushi kimoja kidogo, nayo apt inataka kuondoa seva ya hifadhidata, jibu n, kwa maana kuna matoleo yanayogongana, na mara nyingi chanzo ni hazina ya nje, yaani ghala la mtandaoni la vifurushi, ambayo mtu aliiongeza ndani ya /etc/apt/sources.list.d akaisahau. Amri ya apt policy, ikifuatwa na jina la kifurushi, itakuonyesha kila toleo linatoka hazina gani. Kwenye seva inayotegemewa na watu, tanguliza apt install -s, ambayo huigiza kazi nzima bila kusakinisha chochote. Chaguo la -y, linalokubali kila kitu bila kukuuliza, kwa maoni yangu libaki kwenye skripti.

Amri ya apt update haipandishi toleo la programu yoyote: husoma upya orodha za hazina tu, na kazi ya kupandisha ni ya apt upgrade. Ukiiruka apt update, huenda ukapata kosa la 404 (faili haikupatikana), kwa sababu kompyuta yako inaomba faili ambayo hazina imekwisha kuiondoa.

Katika kuondoa, remove huacha faili za mipangilio zilizo ndani ya /etc, ilhali purge huzifuta. Kwa hifadhidata, weka nakala ya akiba kwanza, kwani purge inaweza kugusa hata data zenyewe.

Jambo linalowatia wageni haraka isiyofaa ni ujumbe kwamba /var/lib/dpkg/lock-frontend imeshikiliwa. Usiifute faili hiyo. Chini ya apt kuna dpkg, ambayo ndiyo hufungua vifurushi na kupanga faili mahali pake, na kufuli hilo huzuia michakato miwili isiandike kwa pamoja. Mara nyingi anayelishikilia ni programu ya unattended-upgrades, inayosakinisha marekebisho ya usalama yenyewe, hivyo subiri imalize. Umeme ukikatika katikati ya kazi, endesha sudo dpkg --configure -a (sudo hukupa mamlaka ya msimamizi) ili vifurushi vilivyoachwa nusu vikamilishwe.

Huduma ikigoma ghafla na kila mtu akaapa kwamba hakugusa kitu, fungua /var/log/apt/history.log. Humo utakuta amri iliyotolewa, saa ilipoanza, vifurushi vilivyobadilika na, ikiwa ilipitia sudo, jina la mtumiaji aliyeitoa.