Saa za foleni nazo zihesabiwe

Ndugu Mhariri, mmeuliza kama kuwawekea madereva wa malori kikomo cha saa za kazi kutapunguza ajali. Kutapunguza, ila inategemea mnaanza kuhesabu kuanzia wapi.

Nauza chakula Segera, pale barabara ya Tanga inapokutana na ya Chalinze na ya Moshi. Dereva aliyepakia saruji Tanga ananifikia saa nne usiku. Usukani ameushika kwa muda wa saa moja na ushee tu, lakini ameamka alfajiri, ameshinda kwenye foleni ya kupakia, amefunga turubai na utingo wake, amesubiri karatasi. Anaagiza wali maharage, mara kijiko kinasimama njiani, macho yako wazi ila mwenyewe hayupo. Utingo anamgusa bega, wanacheka, inaagizwa kahawa. Nikimwambia alale kwanza: "Mama, tajiri ataniuliza nimelala kwa hela ya nani." Hulipwa kwa tripu. Halafu kuna wezi wa kunyonya mafuta ya gari, kwa hiyo hata anayejilaza hapati usingizi.

Anaondoka, na mbele yake kuna saa nane, saa tisa za usiku, muda ambao mwili unadai usingizi utake usitake. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwendo wa mwisho wa lori kisheria, gari linakula mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde nne tu, karibu mita 90 zimepita gari halina mtu.

Kikomo tunacho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 9 za kawaida kwa siku. Ulaya wanahesabu usukani: saa nne na nusu, kisha mapumziko ya dakika 45. Wamarekani nimewapenda zaidi, kwao ni saa 11 za kuendesha, lakini zote ziishe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na foleni imo. Hata hivyo, vifaa vya kielektroniki vya kurekodi saa vilipolazimishwa mwishoni mwa 2017, watafiti hawakuona ajali zikipungua. Waliona makosa ya mwendokasi yakiongezeka, hasa kwenye kampuni ndogo. Sishangai. Wengi wao hulipwa kwa maili, saa zikibana wanakimbiza gari.

Kwa hiyo mwenye mzigo anayeshikilia gari kutwa nzima alipie huo muda, muone foleni itakavyofupika. Karatasi ya getini iandikwe saa gari lilipoingia na lilipotoka, na trafiki wa Kabuku au Mkata aisome hiyo kabla hajainamia matairi.